Kwani Serikali Moja Haitoshi? Maswali Yenu Kuhusu Ugatuzi

Mwezi huu maswali mengi yaliyotufikia ni ya kaunti, magavana, madiwani na pesa zinazopotelea njiani, sijui ni bajeti imewachoma watu ama ni nini, kwa hivyo nimeamua ukurasa wote uwe wa hiyo habari moja, ugatuzi, yaani serikali kuu kugawana madaraka na pesa na serikali za chini. Barua nimezifupisha. Matusi nimeyatoa, ingawa mengine yalikuwa yametungwa vizuri kwelikweli.

SWALI: Mimi nimeiona Kenya ya machifu na PC (wale wakuu wa mikoa) na sasa naiona ya magavana. Zamani mlaji alikuwa mmoja, Nairobi, sasa walaji wako 47 na kila mmoja ana msafara wake wa magari. Kwa nini nchi maskini igawe serikali vipande vipande? Si serikali moja safi ingetosha? (Mzee wa Kilifi)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Serikali moja tuliijaribu kwa karibu miaka 50, usafi wake unaujua wewe kuliko mimi. Lakini tuseme hata ingekuwa safi, bado kuna watu wangetaka kugawana, na sababu yao si ile ya vitabu vya shule, ati kusogeza huduma karibu na mwananchi. Hiyo ni kweli lakini huja baadaye. Mwenye madaraka yote haamki asubuhi akasema leo acha nigawe kidogo. Anagawa pale ambapo kuna wenzake wanaogopa kwamba wakishindwa uchaguzi basi wameshindwa kila kitu, ardhi, kazi, barabara, hata usalama wao, na hao wenye hofu wana nguvu ya kutosha kusema tusipogawana hatuendi popote. Ugatuzi ni mkataba wa watu wasioaminiana, mzee. Ukiuangalia hivyo mambo mengi yanaanza kueleweka.

Chukua 1962 kule Lancaster House, London, kwenye mazungumzo ya katiba ya uhuru. KANU ya Kenyatta, Odinga na Mboya ilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi, manake ilijua itashinda. KADU ya Ronald Ngala wa huku kwetu Pwani, na Masinde Muliro, na Daniel arap Moi (ndio, Moi yuleyule), hao walikuwa wamebeba jamii ndogondogo zilizoogopa kwamba Wakikuyu na Wajaluo wakishika Nairobi, wengine watabaki watazamaji. Walowezi wa Kizungu nao walikuwa wanaisukuma KADU kwa hesabu zao wenyewe, tusilifiche hilo. Ndipo yakaja majimbo, mikoa 7 yenye mabunge yake, Nairobi ikawa eneo la peke yake, na Seneti juu. Ngala akawa rais wa jimbo la Pwani, na cheo kilikuwa kinaitwa hivyohivyo, rais.

Yaliishi muda gani? Kuanzia Juni 1963 mpaka Desemba 1964, basi. Na tazama yalivyokufa maana hapo ndo penye mambo. Hayakuuawa na sheria kwanza. Nairobi ilikalia pesa na wafanyakazi, majimbo yakawa na mabunge lakini hayana cha kuendeshea, wabunge wa KADU wakaanza kuvukia KANU mmoja mmoja, Novemba 1964 chama kikajivunja chenyewe, na katiba ilipobadilishwa tukawa jamhuri tarehe 12 Desemba kazi ilikuwa imekwisha kitambo, kilichobaki ni kuandika tu kwenye karatasi.

Mwaka uliofuata serikali ikatoa waraka wake maarufu, ule Nambari 10 wa 1965, na ndani yake imo sera kwamba pesa za maendeleo ziwekwe kule zitakakozaa haraka. Ukisoma haraka inaonekana ni busara. Sasa zinazaa haraka wapi? Penye mvua, penye reli, penye ardhi ambayo mkoloni alishaitengeneza. Kwa hivyo kaskazini yote, na Ukambani kwenye ukame, na Pwani ukishatoka mjini, wakaambiwa wangoje. Wakangoja na wakazeeka wakingoja. Hakuna mtu aliyehitaji kuwa mwizi hapo, ndo maana nasema hata serikali safi isingetosha, manake anayepanga akiwa ni mmoja na amekaa mahali pamoja, anapanga kwa anachokiona kutoka pale alipokaa.

Halafu Desemba 2007. Uchaguzi ukaharibika, watu zaidi ya 1,100 wakafa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Kulikuwa na sababu nyingi, ardhi ikiwa mojawapo, lakini moja iliyokubaliwa na pande zote ni kwamba kiti kimoja kilikuwa kimebeba kila kitu, kwa hivyo kila uchaguzi ukawa ni kufa na kupona. Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010 ilitoka hapo. Ndio ikaleta kaunti 47, na hiyo 47 si hesabu ya mtaalamu yeyote, ni zile wilaya zilizokuwa kwenye sheria ya 1992, zikachukuliwa kama zilivyo ili watu wasianze kugombania mipaka upya. Mimi binafsi naona ni nyingi. Rasimu ya katiba ya 2004, ile ya Bomas, ilikuwa na ngazi ya mikoa pale katikati, wabunge waliokaa Naivasha Januari 2010 wakaifyeka, sasa tuna kaunti kama Lamu yenye watu wachache sana lakini inabidi iwe na gavana, naibu, mawaziri, spika na bunge zima.

Ila safari hii waandishi wa katiba walikuwa wanakumbuka ya 1964. Gavana anachaguliwa na wananchi, rais hawezi kumfuta kwa tangazo la redio. Kaunti lazima zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, imeandikwa kwenye katiba yenyewe, kwa hivyo Hazina haiwezi kuamua tu mwaka huu hakuna kitu. Na ukitaka kuugusa muundo wa ugatuzi lazima uende kura ya maoni, wabunge peke yao hawatoshi. Kwa hivyo kila mtu akikuambia nchi fulani imegatua, wewe muulize mambo mawili tu: huyo wa chini nani anaweza kumfukuza, na hela yake inatoka wapi. Mengine ni mapambo.

Sasa walaji. Ni kweli mzee, ulaji umesambaa, na zile ziara za mafunzo za MCA (madiwani wa kaunti) kwenda Dubai na Singapore mimi mpaka leo sijaona walichojifunza. Lakini linganisha. PC alikaa mkoani miaka na miaka, akakula au hakukula hukujua, na ukijua ungefanya nini? Aliyemteua yuko Nairobi. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo, Kawira Mwangaza wa Meru alitolewa na Seneti 2024, akaenda mahakamani na mahakama kuu ikaubariki uamuzi 2025. Wizi haujaisha, lakini sasa mwizi ana jina na wadi inamjadili kwenye baraza za kahawa. Na wewe unayeshinda Kilifi unamjua gavana wako anakoishi, PC wa zamani ulikuwa ukimwona Jamhuri Day.

Jambo moja watu husahau: chifu bado si wa gavana. Machifu, makamishna wa kaunti, polisi, wote hao bado ni wa serikali ya kitaifa. Ule utawala wa mikoa ulitakiwa kupangwa upya uendane na ugatuzi, ukapewa majina mapya ukabaki palepale. Kwa hivyo hapo Kilifi una serikali mbili zinazokutazama kwa pamoja.

SWALI: Nawasikia Wakenya na ugatuzi wao. Sisi Tanzania tuna halmashauri, madiwani, wenyeviti wa vijiji, na katiba yetu inasema madaraka ni kwa wananchi. Tofauti ni nini hasa, au ni majina tu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kaka, chukua yale maswali mawili niliyompa mzee wa Kilifi uyapeleke kwenye halmashauri yako. Diwani umemchagua wewe, sawa. Madiwani wanamchagua mwenyekiti au meya, sawa. Lakini mkurugenzi, yule mwenye saini, anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa. Mkuu wa mkoa anateuliwa. Ikitokea madiwani wanataka hivi na mkurugenzi anataka vile, mkurugenzi ajira yake haiko mikononi mwa madiwani, na yeye anajua, na wao wanajua anajua.

Hela nayo. Sehemu kubwa ya bajeti za halmashauri inatoka Hazina, na vyanzo vya ndani vinaweza kuchukuliwa wakati wowote. Kodi ya majengo mnaikumbuka? Ilikuwa ya halmashauri, ikahamishiwa TRA, mamlaka ya kodi ya taifa, na tangu 2021 inakatwa ukinunua umeme kwenye LUKU, ile mita ya kulipia kabla. Kwa ukusanyaji ni mbinu nzuri tu, hakuna anayemkimbia LUKU, lakini halmashauri iliyokuwa na chanzo chake sasa inangoja kugawiwa. Nchi nyingi duniani kodi ya majengo ndiyo ya serikali ya chini, manake nyumba haihamishiki, na Kenya wameiandika kabisa kwenye katiba kwamba ni ya kaunti.

Ibara ya 145 na 146 za katiba yenu ni nzuri, sibishi. Ila serikali za mitaa Tanzania zimeshawahi kufutwa kabisa na nchi ikaendelea kama kawaida, na hiyo peke yake inakuonyesha tofauti. 1972 ilikuja Madaraka Mikoani, washauri wa McKinsey kutoka ng'ambo wakaandaa mpango, na jina lilikuwa zuri, lakini kilichopelekwa mikoani ni maofisa wa serikali kuu, halmashauri za kuchaguliwa zikavunjwa. Miji ikaoza, mabomba, mitaro, taka, mpaka zikarudishwa mijini 1978 na wilayani 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliulizwa miaka hiyo ya 80 angepewa nafasi ya kuanza upya asingefanya nini, akataja mawili, kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Nampenda kwa hilo. Viongozi wangapi unawajua wanaweza kusema hivyo wakiwa bado hai na bado wako madarakani?

Lakini usiseme Tanzania haijui kugawana, manake mfano mkubwa kuliko wote mnao nyumbani, Zanzibar. Ile si halmashauri. Ina rais wake, Baraza la Wawakilishi lake, katiba yake ya 1984, na orodha ya mambo ya Muungano ambayo 1964 ilianza na mambo 11 na leo ni 22. Hapo tena ni hofu: kisiwa kidogo kinaungana na nchi kubwa, lazima kiulize tutamezwa au vipi. Tume ya katiba mpya ya Jaji Warioba 2013 ikapendekeza serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), Bunge Maalum 2014 likarudisha mbili, na ile kura ya maoni iliyopangwa 2015 haijapigwa mpaka leo. Mjadala uko palepale, mtu wa Unguja akikuambia Muungano unamnyonya na mtu wa Dodoma akikuambia Zanzibar inabebwa, wote wawili wanaongea jambo moja tu, nani aliyetia saini mkataba gani na nani anaweza kuubadilisha peke yake.

SWALI: Mimi ni nesi wa hospitali ya kaunti. Mshahara umechelewa tena. Kaunti inasema Nairobi haijatuma, Nairobi inasema imetuma. Nani anadanganya? Na kwa nini afya isirudishwe serikali kuu tukalipwa kama walimu? (Nesi, Magharibi mwa Kenya)

JIBU: Pole sana dada. Jibu la kuudhi ni kwamba wote wanaweza kuwa wanasema kweli siku hiyohiyo moja, acha nikueleze pesa inavyotembea.

Ushuru wa kitaifa unakusanywa na KRA, mamlaka ya ushuru, unaingia mfuko mmoja. Kila mwaka Bunge la Taifa na Seneti wanavutana kwanza kuhusu serikali ya kitaifa ichukue ngapi na kaunti zote kwa pamoja zichukue ngapi. Kwa mwaka wa 2025/26 wabunge walisema bilioni 405, maseneta wakasema bilioni 465, wakaishia bilioni 415. Mwaka wa nyuma yake zilikuwa zimeahidiwa bilioni 400.1, vijana wakaingia barabarani Juni 2024, Muswada wa Fedha ukatupwa, na kaunti zikakatwa mpaka bilioni 387.4. Umeona hapo? Wakorofishane wanaokorofishana Nairobi, kinachopungua kiko kwako wodini. Na ile asilimia 15 ya katiba inahesabiwa kwa mahesabu yaliyokaguliwa na kupitishwa na bunge, ambayo huwa ya miaka ya nyuma, kwa hivyo kwenye karatasi kaunti zinaonekana zimepewa zaidi sana ya hiyo 15, halafu ukipiga hesabu kwa mapato ya mwaka huu inasinyaa.

Baada ya hapo inakuja ya pili, hizo bilioni zigawanywe vipi kati ya kaunti 47. Hii ndio vita yenyewe. 2020 ilipendekezwa fomula ambayo ingezihamisha pesa kwenda kaunti zenye watu wengi, wakawa na msemo wao, mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kaunti za kaskazini, Pwani na Ukambani zingepoteza mabilioni, wakasema sisi ni wachache lakini barabara yetu ni ndefu, ng'ombe hawanywi msemo. Seneti ikakaa kikao baada ya kikao bila kukubaliana, Agosti maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku ya kujadili, na mwishowe Septemba wakapatana baada ya serikali kuahidi kuongeza bilioni 53.5 mwaka unaofuata ili asipoteze mtu. Yaani walinunua amani. Mimi sioni ubaya, bei ile ni ndogo ukilinganisha na ghasia za 2008. Fomula iliyotoka, iliyotumika mpaka 2024/25, ilikuwa: asilimia 18 idadi ya watu, 17 afya, 14 umaskini, 10 kilimo, 8 ukubwa wa ardhi, 8 barabara, 5 miji, na 20 ikigawanywa sawa kwa wote.

Ikishapita hiyo, Hazina inatakiwa itume kila mwezi kwa ratiba iliyopitishwa na Seneti, na katiba inasema bila kuchelewesha na bila kukata. Hazina inachelewesha. Inachelewesha kwa sababu yenyewe haina, deni la nje likiiva linalipwa kwanza, kaunti zinangoja. Ikituma, pesa inaingia akaunti ya kaunti Benki Kuu, lakini gavana hawezi kuitoa mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, na huyo akikuta karatasi za kaunti hazijakamilika anarudisha. Kwa hivyo Hazina kweli imetuma, kaunti kweli haijapata, na wewe kweli hujala. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka na kila kaunti ina sehemu yake, ziko wazi kwa yeyote, humo utaona pesa iliyoingia na iliyotumika kwa nini. Ukikuta pesa ya safari za ndani na nje imetoka na mishahara haijatoka, basi usimlaumu mtu wa Nairobi.

La kurudisha afya serikali kuu, najua wengi wenu mnalitaka, madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 na hilo lilikuwa mojawapo ya vilio. Kosa kubwa lilifanyika 2013. Katiba iliruhusu majukumu yahamishwe taratibu ndani ya miaka mitatu, kaunti zikionyesha ziko tayari. Magavana wakataka vyote mara moja, na Agosti 2013 wakapewa, kaunti hazina hata orodha kamili ya wafanyakazi waliorithi, nani yuko daraja gani, nani anadai nini. Upandishaji vyeo ukavurugika mpaka leo. Lakini ukirudisha Nairobi, ile zahanati ya kijijini iliyojengwa baada ya 2013 nani ataikumbuka? Naona njia ni tume ya wahudumu wa afya inayosimamia ajira, vyeo na mishahara kitaifa kama TSC ya walimu, hospitali zibaki za kaunti. Magavana hawaipendi kabisa hii, manake ajira ndio siasa yao, na ndo hapo utajua mkataba huu wa ugatuzi hata magavana wanaupenda ukiwa unawapa wao tu.

SWALI: Sisi huku Kolwezi tunaona malori ya kobalti usiku na mchana. Katiba ya Kongo inasema jimbo libaki na asilimia 40. Iko wapi? (Msomaji, Lualaba)

JIBU: Ndugu yangu, yenu ndio inayoonyesha kwamba kuandika hakutoshi. Katiba ya 2006, ibara ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni ikatwe palepale, isiende Kinshasa kwanza ikarudi. Kinachofanyika ni kwamba inaenda Kinshasa kwanza, halafu kurudi inarudi kiasi na wakati wanaotaka wao. Anayeshika kwanza ndiye mwenye pesa, hiyo sheria haijaandikwa popote lakini inafuatwa kuliko zote.

Na swali la nani anaweza kumfukuza nalo lilijibiwa vibaya. Gavana wenu hachaguliwi na nyinyi, anachaguliwa na bunge la jimbo, na Januari 2011 katiba ikabadilishwa rais akapata uwezo wa kuvunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana pakitokea mgogoro mkubwa. Mgogoro mkubwa ni upi, anaamua yeye. Kisha 2015 majimbo 11 yakafanywa 26, Katanga ikakatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ilikuwa imo kwenye katiba tangu mwanzo, kweli, na kuna wa kaskazini waliofurahi kutoka chini ya Lubumbashi. Lakini Kinshasa haijasahau kwamba Katanga ilijitenga 1960 mpaka 1963, na Katanga moja yenye shaba na kobalti yote ilikuwa ni mtu mkubwa mno mezani. Wadogo wanne ni rahisi kuongea nao.

Kuna kitu kimoja kimeenda vizuri kidogo. Kanuni ya madini ya 2018 iligawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la chini penye mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hizo 25 na 15 zinalipwa na kampuni moja kwa moja bila kupita Kinshasa, ndo maana zinafika. Zikifika zinafanya nini, hilo muulizeni gavana na meya wenu, na muulize kwa sauti, maana hapo hawana tena kisingizio cha kusema hatujatumiwa.

SWALI: Mwalimu mmoja anasema ugatuzi na shirikisho ni kitu kimoja, mwingine anakataa. Na je, kugawana madaraka si ndio mwanzo wa nchi kuvunjika? (Mwanafunzi, Eldoret)

JIBU: Mwanangu, kwa mtihani andika ni tofauti. Kwenye shirikisho vile vipande vina mamlaka yao wenyewe mpaka kwenye mambo mazito. Ujerumani kwa mfano ina majimbo 16, polisi wengi na shule ni za majimbo. Kenya polisi ni mmoja, mahakama ni moja, na kaunti zinatunga sheria kwa yale tu yaliyoorodheshwa. Ila mstari si mkali hivyo, kaunti ya Kenya ina ulinzi wa katiba kuliko majimbo ya nchi zingine zinazojiita shirikisho.

Na Ujerumani inakujibu la pili pia. Hitler alipoingia 1933 alimaliza nguvu za majimbo ndani ya mwaka mmoja hivi, manake yalikuwa yanamzuia kushika kila kitu. Vita ilipokwisha katiba ya 1949 ikaweka kifungu kwamba mgawanyo wa nchi katika majimbo hauwezi kufutwa hata kwa kubadilisha katiba.

Kuhusu kuvunjika soma Nigeria. 1960 ilikuwa na mikoa mitatu, wa Kaskazini ukiwa mkubwa kuliko mingine yote ikijumlishwa, na kila mkoa ukiwa na kabila moja kubwa lililoshika chama chake. Hapo kila ugomvi wa siasa ni mkoa mzima dhidi ya mkoa mzima. Tarehe 27 Mei 1967 Gowon, mtawala wa kijeshi, akaikata nchi kuwa majimbo 12, siku tatu baadaye Ojukwu, gavana wa mkoa wa Mashariki, akatangaza mkoa wake umejitenga kuwa nchi ya Biafra, vita. Baadaye wakaendelea kukata mpaka 36 mwaka 1996, na sasa Waigbo, Wayoruba na Wahausa wenyewe wametawanyika kwenye majimbo mengi, na wanagombana wao kwa wao. Matatizo wanayo tele lakini Biafra nyingine haijatokea. Kwa hivyo tatizo halikuwa kugawana, lilikuwa vipande vichache vikubwa. Hapo utaelewa kwa nini nilisema 47 ni nyingi lakini sijasema zirudi 7.

SWALI: Barabara ya mbele ya duka langu Ukunda ina mashimo ya kufugia samaki. MCA ananituma kwa mbunge, mbunge ananituma kaunti, kaunti inasema ni ya kitaifa. Ni ya nani? (Mama wa duka)

JIBU: Mama, ulizia kwanza daraja lake, kila barabara ya Kenya ina herufi. Kwa kawaida A, B na C ziko kwa mashirika ya kitaifa, KeNHA, KURA na KeRRA, na D kushuka chini ni za kaunti. Sababu ya kukutupatupa ni hela. Kila lita ya petroli tunalipa shilingi 25 za kutengeneza barabara, magavana wanasema sehemu yake ni yao maana barabara nyingi ni zao, wabunge wanasema hapana, wamepelekana mpaka kortini, na wakati wanabishana hakuna anayetaka kukubali shimo ni lake.

Ikiwa ni ya kitaifa andika barua kwa ofisi ya shirika husika, uombe nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikiwa ni ya kaunti usihangaike na ahadi ya mdomo ya MCA, kinachojalisha ni barabara iingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti, na huo lazima upelekwe bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mikutano ya kukusanya maoni hufanywa kabla ya hapo, mara nyingi Agosti, tangazo hubandikwa ofisi ya wadi na wanaohudhuria huwa ni wachache walewale. Nenda na wenye maduka wenzako, mtaje barabara kwa jina na urefu wake, na mhakikishe imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kabla hamjaondoka.